Simu za Zamani za Shangazi

Kila aliyepiga simu kuagiza gesi alimuulizia shangazi. "Yule mama yuko wapi? Yule wa 'Karibu, jiko halijazimika bado?'" Na mpwa wake, binti aliyekalia kiti cha kupokea simu tangu shangazi apasuliwe koo hospitalini na sauti kumpotea moja kwa moja, alijibu kama mtu aliyeng'ata ndimu: "Anapumzika. Mtungi mkubwa au mdogo?"

Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alichoka kulinganishwa, basi. Shangazi alikuwa na mzaha kwa kila mteja. Yeye alikuwa na kompyuta.

Na kompyuta yenyewe ilikuwa hoi. Hifadhidata ya duka iliweka kila kitu ndani ya faili moja: wateja, mitaa yao, mitungi waliyochukua, pamoja na rekodi ya kila simu iliyopigwa, maana mume wa shangazi alipenda kuwa na ushahidi mteja akikana oda yake. Faili likanenepa mpaka ukitafuta jina la mteja, unaweza kwenda kuchemsha chai, ukainywa, ukarudi ukakuta bado linatafutwa. Wateja wakawa wanakata simu na kwenda kwa wengine.

"Fanya ufanyavyo," alifoka mume wa shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mitungi. "Kidude hicho kipungue!"

Asubuhi moja mpwa akazichagua simu zote zilizorekodiwa kabla hajaanza kazi, akazifuta. Faili halikupungua hata chembe. Aliposoma maelekezo ndipo akaelewa kwamba kufuta huacha nafasi tupu ndani, kama sanduku uliloondoa nguo likabaki na ukubwa wake ule ule. Ili lipungue, lazima ulibane. Na ukishalibana, onyo lilisema waziwazi, vilivyofutwa havirudi tena. Weka nakala kwanza.

Alisita. Alijua sauti ya nani imo humo. Hilo ndilo lililomnyima raha baadaye, kwamba alijua. Angeweza kuokoa hata simu moja, ni kazi ya dakika tu. Lakini moyoni alionja kiraha fulani kwamba sasa kwenye kompyuta hii itasikika sauti yake peke yake. Akabonyeza. Kisha faili lililobanwa akalihifadhi kwenye diski ya nje ya duka, likafuta nakala ya zamani iliyokuwamo, kwa kuwa diski haikuwa na nafasi ya zote mbili.

Majina yakaanza kuonekana kufumba na kufumbua. Bwana Mitungi akampigia makofi mbele ya madereva, akamnunulia soda. Soda ile akaiacha nusu.

Wiki iliyofuata shangazi akaingia dukani akiwa amembeba mjukuu wake wa kwanza, kitoto kilichozaliwa baada ya ule upasuaji na ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinajifunza kusema. Akatoa simu yake, akaandika kama alivyozoea siku hizi, akamwonyesha mpwa wake: *Mwanangu, nitolee simu moja ya zamani. Yoyote. Mjukuu asikie bibi yake alivyokuwa anaongea.*

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: virusi, umeme, fundi. Kitoto kikamkodolea macho.

"Nimezifuta, shangazi."

Shangazi akatabasamu, akaandika: *Zote?*

"Zote. Hazirudi. Kompyuta ilijaa, lakini... ningeweza kukubakishia. Nilichoka kusikia watu wanakuulizia wewe tu. Nisamehe, shangazi."

Shangazi akaketi kwenye kiti cha wateja. Mkono wake ukapanda hadi kwenye kovu la shingoni, ukatulia pale. Angefoka, mpwa angejua pa kujishika. Lakini shangazi hakuweza kufoka, na hilo lilimuumiza kuliko tusi lolote. Aliona aibu mpaka akatamani ajifiche chini ya meza.

Kisha shangazi akaandika tena: *Unakumbuka nilivyokuwa najibu?*

Mpwa akaitikia kwa kichwa. Angesahauje?

*Sema.*

"Karibu, jiko halijazimika bado?"

Shangazi akakataa kwa kidole. Akakipandisha kidole juu taratibu, kisha akakishusha ghafla. Mpwa akarudia, akiivuta "karibu" na kuiangusha "bado". Bado haikuwa yenyewe. Akarudia tena na tena, na midomo ya shangazi ikawa inatembea pamoja na yake, bila sauti, mpaka kitoto kikaangua kicheko na shangazi akamwinulia mpwa kidole gumba.

Simu ya dukani ikalia. Shangazi akaielekeza kwa kidevu: pokea, hivyo hivyo.

"Karibuuu, jiko halijazimika bado?"

Upande wa pili ukapasuka kwa sauti iliyosikika duka zima: "Mama! Umerudi! Mimi nilisema utapona, wakanibishia!"

Mpwa akauziba mdomo wa simu kwa kiganja, akamtazama shangazi. Macho ya shangazi yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa akiitikia kwa kichwa haraka haraka: kubali, kubali.

"Nimerudi," akasema mpwa, na akajiona mwizi kwa mara ya pili, safari hii mwenye mali akiwa ameketi mbele yake, akimwomba aendelee.