Kidole cha Glavu

Ukitaka kuona habari ikiota miguu, anguka uwanjani mbele ya kamera. Ndaki Magesa, golikipa wa timu ya ligi kuu mjini Shinyanga, alianguka kipindi cha pili, mpira ukiwa upande mwingine kabisa wa uwanja na hakuna aliyemgusa. Alitetemeka, akatoa povu, akakakamaa. Kabla hata hajafikishwa hospitali, picha zake zilishazunguka Geita nzima, na kijijini kwao, nje kidogo ya Masumbwe, watu walishakata shauri: mtoto wa Philomena amerogwa.

Daktari hakuona mchawi. Aliona vidonge. Alifunga mlango, akamwuliza Ndaki anameza vingapi kwa siku, na Ndaki akataja nusu yake. Vilikuwa vidonge vya maumivu, vile vikali ambavyo wanaapolo, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu, humeza kabla ya kushuka shimoni, ili wachimbe kutwa bila kuusikia mgongo. Yeye alianza kwa sababu ya goti. Goti likapona, vidonge vikabaki. Akawa anavimeza ili alale, kisha ili aamke, kisha kwa sababu akisimama langoni bila kumeza alisikia mashabiki nyuma yake wakimzomea, hata walipokuwa wamekaa kimya. Hilo la mwisho hakumwambia mtu, aliona aibu kulisema. Daktari alimweleza kwamba dawa hizo zikizidi mwilini ndizo zinazomwangusha mtu namna ile, akampangia siku za kwenda kliniki kuzungumza na mshauri. Kocha Cornel, ambaye peke yake aliambiwa ukweli, akamwambia aende nyumbani apumzike. Akiacha kabisa, lango lake litamsubiri.

Mama yake alimpokea kwa kilio. Alipotulia akamwuliza daktari amesema nini. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ndaki akatazama chini, akasema daktari naye ameshindwa kuelewa. Ungekuwa wewe ungesemaje? Labda ungesema kweli. Ndaki hakusema, na usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Kurogwa, mkitaka niseme wazi, kuna raha yake. Aliyerogwa ameonewa wivu, na anayeonewa wivu ni mtu mwenye kitu. Majirani walimletea maziwa ya mgando, wakamletea kuku, wakapunguza sauti walipopita karibu naye. Kijijini hapo hapo kulikuwa na vijana waliorudi kutoka machimboni wakiwa wameharibikiwa na vidonge vile vile, na wao waliitwa mateja na kufukuzwa kwenye misiba. Ndaki aliwaona wakipita barabarani. Aliendelea kula kuku wa watu.

Alikokula zaidi ni kwa shangazi yake Apolonia, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Nyumba yake ndiyo pekee ya nyasi iliyobaki pale, kwa kuwa bibi huyo hakutaka bati. Alisema mvua ikipiga bati hasikii anachowaza. Kuni zilipoadimika alianza kupikia samadi kavu, na moshi wake ukamwachia macho mekundu. Huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la mchezo. Wako waliokutwa asubuhi wamekatwa mapanga ndani ya nyumba zao, na kosa lao lilikuwa moshi wa kupikia tu.

Sasa hapa niseme jambo ambalo Ndaki aliliogopa kuliko yote. Kila mtu alisema anapata nafuu, na kweli alinenepa kidogo, lakini alikuwa na akiba. Siku moja aliaga kwamba anakwenda Nyarugusu kumsalimia rafiki, akarudi na vidonge. Alivifungua akatoa unga wake, akakata kidole gumba cha glavu yake nyeusi ya zamani, akaumimina humo na kukifunga kwa uzi. Ujanja huo aliujua tangu kambini, alipokuwa akimkwepa daktari wa timu. Nyumbani kwa mama yake hapakufichika kitu, maana Philomena alikuwa akipekua kila pembe kutafuta uchawi aliozikiwa mwanawe. Basi akakichomeka kwenye nyasi za paa la shangazi, juu ya mlango. Alijiambia akiba hiyo si ya kutumia, ni ya kujua tu kwamba ipo. Alikwisha kuitumia mara mbili.

Philomena ni mkatoliki safi, lakini mambo yalipomzidi alikwenda kwa mganga bila kumuaga mtu. Mganga akamwambia dude lililomwangusha kijana limefichwa katika nyumba ya mtu anayemlisha. Mganga hakuhitaji mizimu kulijua hilo, kila mtu alijua Ndaki anakula wapi.

Philomena akaipeleka habari hiyo kwa sungusungu, walinzi wa kijiji, na asubuhi iliyofuata mwano, ule ukelele wa hatari, ukapigwa. Ukipigwa mwano, kila aliye kijijini anatoka, na asiyetoka anapigwa faini na sungusungu. Ndaki alitoka na wenzake akidhani ng'ombe wameibwa. Alipoona watu wanaelekea kwa shangazi yake, akapunguza mwendo.

Kamanda wa sungusungu, Bartholomeo, hakuwa mtu mbaya. Kabla ya yote alimwamkia mwenye nyumba.

"Shikamoo, Mama Vumilia."

"Marahaba. Mbona jeshi zima?"

"Tumekuja kutafuta kilichomwangusha kijana wetu. Tutapanda juu ya nyumba."

Apolonia akacheka. "Pandeni. Mkiona na kijiko changu kilichopotea mnishushie." Akakaa kwenye kigoda chake uani, akakunjua miguu, akawaangalia vijana wakianza kung'oa nyasi kwa upande wa nyuma.

Walianzia nyuma. Ndaki, aliyesimama penye ua wa miiba wa zizi, alipata muda wote anaoutaka mtu ili aseme neno moja. Nyasi zilianguka fungu kwa fungu. Akafikiri: wakichoka wataacha. Akafikiri: huenda panya wamekibeba. Mwanamume mzima, kipa wa ligi kuu, akasimama pale akiwaombea panya wa watu wawe wamefanya kazi. Nyasi zikaendelea kuanguka hadi anga ikaonekana ndani ya nyumba ya shangazi yake.

"Hiki hapa!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya mlango.

Kilianguka chini kikatua katikati ya watu, nao wakaruka nyuma. Kidole cheusi, kimefungwa uzi, kimejaa unga. Mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba ni kidole cha mtu. Bartholomeo akakiinua kwa ncha ya fimbo.

"Apolonia, hiki ni nini?" Lile jina la Mama Vumilia lilikwisha kumtoka mdomoni.

"Sikijui."

"Kimetoka kwako."

"Kimetoka kwangu, na sikijui."

Mtu akasema mchawi. Akasema wa pili, kisha wakawa wengi. Vijana wawili walikuwa na mapanga waliyokuja nayo kukatia kamba za paa, na sasa waliyashika vingine. Apolonia akasimama. Alitafuta uso mmoja kati ya zile zote hadi akaupata.

"Ndaki, ng'wana wane, mwanangu, waambie. Unakula kwangu kila siku. Umewahi hata kuumwa tumbo?"

Ndaki aliona maziwa yote aliyokunywa, aliona wale mateja wa barabarani, aliona kocha Cornel akikata simu. Akaliona na panga. Akasikia sauti yake ikitoka, nyembamba, ya kijinga.

"Ni changu."

"Nini chako?"

"Hicho. Ni vidonge vya Nyarugusu, nimevisaga. Sikurogwa. Daktari aliniambia tangu siku ya kwanza. Nakula vidonge."

Watu wakaguna kwa huruma. Huruma! Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema mnaona, amemfunga mpaka ulimi. Philomena akamkimbilia mwanawe, akamshika kichwa, akawa anasali kwa sauti.

Bartholomeo akawaza. "Kama ni dawa ya dukani, haina ubaya." Akasogeza ncha ya fimbo karibu. "Lamba tuone."

Na hapa ndipo Ndaki alipofedheheka mbele ya nafsi yake, maana mkono ulitoka kabla ya akili. Mate yalimjaa mdomoni. Kwa kitambo kidogo hakukuwa na shangazi wala mapanga, ulikuwepo uzi tu, na jinsi ya kuufungua. Vidole vyake vilikwisha kuugusa ndipo akajiona. Akaurudisha mkono na kuuficha kwapani kama mtoto aliyekamatwa kwenye sukari.

"Siwezi," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima. "Nikilamba siachi. Nimeshalamba mara mbili na nyinyi mkanisifu napona. Nakitaka hata sasa hivi. Niondoleeni."

"Uchawi unaongea huo," mtu akasema, lakini si kwa nguvu kama mwanzo.

"Ni kidole cha glavu yangu. Glavu yenyewe ipo nyumbani, haina gumba. Mama, kailete. Ipo kwenye begi."

Philomena akaacha kusali. "Glavu gani? Mimi sijaona glavu."

"Nyeusi, mama."

"Sijaiona."

Alijibu upesi mno. Ndaki akamtazama, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyomwona akikwepa macho yake. Nguo zote za begi lile alizifua yeye. Ndaki aliikuta glavu isiyo na gumba imeanikwa kwenye kamba ya nguo, akairudisha begini bila kuuliza imefikaje pale.

"Mama," akasema taratibu. "Uliifua wewe."

Philomena akajifunga kanga upya ingawa haikufunguka. "Aliyerogwa watu wanamlilia," akasema mwishowe, kwa Kisukuma, bila kumwangalia mtu. "Wewe wangekucheka. Ningefanyaje?" Kisha akageuka akaenda nyumbani, na njia nzima watu walimpisha. Aliporudi alimpa Bartholomeo glavu bila neno. Bartholomeo akakiweka kile kidole penye tundu lake, na kikakaa.

Kikao kilikwisha vibaya, kama vinavyokwisha vikao ambavyo watu wote wana hatia. Wenye mapanga walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kunywesha. Unga ulimwagwa chooni. Bartholomeo akaamuru Ndaki na mama yake waezeke nyumba upya, akamwinamia Apolonia, akasema, "Tusamehe, Mama Vumilia. Tulikuwa hatujui." Wawili watatu walimpiga Ndaki begani wakamwambia ana moyo wa kiume, si kila mtu angesema vile. Alitamani wamtemee mate.

Wakabaki wachache. Apolonia alikuwa ameingia ndani ya kile kilichobaki cha nyumba yake, akatoka na nguo zake amezifunga kwenye kitenge. Binti yake Vumilia anaishi Isaka, na ndiko alikosema anakwenda. Ndaki akamsogelea, akapiga goti.

"Shangazi, nyumba nitaijenga mimi mwenyewe. Naanza leo."

Apolonia akamtazama kwa yale macho mekundu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Vijana walipopanda juu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Walipoanza kule nyuma?"

"Nilikuwepo, shangazi. Nilisimama penye zizi."

"Ukijua kilipo."

Ndaki aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mikono autwae mzigo amsindikize mpaka barabarani, maana ulikuwa mzito na njia ya huko ni mchanga mtupu.

Apolonia akausogeza mzigo upande wa pili. Akageuka, akamwita Bartholomeo, yule yule aliyeleta watu kuling'oa paa lake kabla jua halijapanda.

"Baba, njoo unibebee," akamwambia. "Wewe ulikuwa hujui."