Ukuta wa Luseno

Watu wawili tu, mume na mke, vyoo vitano, na bado mwanamke alikuwa akimlalamikia fundi kwamba nyumba ni ndogo. Sisi tunaogawana choo kimoja na korido nzima tuliketi kitandani tukamtazama kwa heshima.

Hicho ndicho kipindi chetu cha televisheni cha Jumapili, cha kukarabati nyumba za watu, mimi na mume wangu Luseno, tukitoka kanisani. Tunaishi chumba kimoja hapa Kware, ghorofa ya nne: kitanda, jiko, kabati la vyombo, televisheni, basi. Mimi hungoja nyundo. Fundi anaiinua, ukuta unaanguka, jua linamwagika ndani ya nyumba ambayo jana ilikuwa giza, nami hujishika kifua kila mara kama sijawahi kuona. Huku kwetu kuta ni za mawe, na keateka anayesimamia jengo, Ng'ang'a, hakubali upigilie hata msumari wa kalenda.

Jumapili moja wakaonyesha chumba kidogo kama chetu. Mtu alishika ukuta akauvuta, na kitanda kikashuka kutoka ndani yake, kimetandikwa kabisa. Akakisukuma juu, ukawa ukuta tena. Luseno alisimama na kikombe chake mkononi, akasahau kunywa.

"Nasambu, umeona?"

"Nimeona."

"Basi mama yako anaweza kuingia."

Kwetu Bungoma, mama mkwe haingii mahali binti yake na mumewe wanapolala, wala hatupii jicho kitanda chao. Na chumba cha kulala kikiwa ndicho nyumba yote, ataingia wapi? Mama aliponitembelea mara ya mwisho nilimpa chai koridoni, juu ya stuli, chini ya kamba za nguo. Suruali ya mtu ilikuwa ikimdondokea maji kwenye kitambaa cha kichwa, naye akaniambia hapo panamtosha, pana hewa. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi. Sasa nilikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na mama alikuwa amesema atakuja kumpokea mjukuu. Mtoto angezaliwa Julai, wakati baridi ya korido hiyo inauma hadi watu wazima. Je, ningemkabidhi mama mtoto mchanga pale nje?

Luseno ni mtu wa kupakia biskuti kwenye katoni, si seremala. Lakini alianza kurudi jioni na mbao za paleti, zile za kupangia katoni, kutoka kiwandani begani. Alisimamisha fremu kutoka sakafuni hadi darini bila kuugusa ukuta wa Ng'ang'a, akafunga bawaba, akalifunga godoro kwa mikanda ili lisiteleze. Jirani yetu aitwaye Wangu, anayeuza mapazia ya mitumba, alisimama mlangoni akacheka.

"Luseno, wewe utaua bibi yako na hiyo kitu. Televisheni imekuharibu."

Mara ya kwanza kamba ya kukishikilia kitanda juu ilikatika. Kitanda kilishuka kwa kishindo hadi jirani wa chini akatugongea dari kwa ufagio. Mimi nilicheka hadi nikashika tumbo. Luseno hakucheka. Alienda akanunua komeo mbili za chuma, akaanza upya.

Kisha Jumamosi moja akaniita. Alikisukuma kitanda kwa mkono mmoja, kikapanda polepole, komeo zikaingia, na mbele yangu palikuwa na ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Palipokuwa na kitanda palikuwa na sakafu tupu, pana, ambayo sikujua kama tunayo. Wangu aliingia akazunguka.

"Ai, si kitanda ilikuwa hapa?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Luseno alichukua msumari, akaupigilia katikati ya ukuta wake mwenyewe, akatundika kalenda.

Mtoto alikuja, msichana, na mama akaja. Luseno alimsalimia kwa mbali, ameinamisha kichwa, kisha akajiondokea koridoni, kwa maana mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Mama aliiona stuli pale nje akaanza kuiendea.

"Mama, leo ni ndani."

"Ndani wapi?"

Alichungulia. Alitazama sakafu, kiti cha kuazima, kalenda. Alivua viatu, akaweka mguu mmoja ndani, akangoja kidogo kama anayesikiliza, akaleta wa pili. Nilimpa mtoto, naye akaketi chini ya paa langu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nililia, sikujificha.

Baadaye, mtoto akiwa amelala mikononi mwake, alinyanyuka akaenda kuutazama ukuta. Aliupapasa kwa kiganja, taratibu, mpaka vidole vikafika kwenye komeo. Vikatulia hapo. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, nikiukumbuka ule ufagio wa jirani wa chini. Mama aliondoa mkono, akarudi kitini, akamfunika mtoto vizuri. Kisha akapaza sauti kidogo, ifike koridoni, ingawa alikuwa akinitazama mimi.

"Nasambu, mwambie mwenye nyumba ukuta wake nimeuona. Kingine sijaona."

Niligeuka mlangoni. Luseno alikuwa amekaa kwenye stuli ya mama, kikombe mkononi, nguo za Wangu zikimdondokea maji mabegani. Hakuwa amesogea. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akakohoa kwanza.

"Mwambie mama," alisema, "karibu nyumbani."