Shavu la Mwalimu Fabiano

Mwalimu Fabiano alikuwa na sheria moja darasani. Anayejua jibu anampiga kofi asiyejua. Yeye mwenyewe hakuinua mkono. Alikaa kwenye kona ya meza akitafuna karanga na kutazama watoto wa Iguguno wakipigana. Asiyejua hakushikwa na mtu. Alisimama mwenyewe, akageuza uso, akatoa shavu, akangoja mwalimu aseme "haya". Mara nyingine karanga ziliisha mkononi kabla hajalisema. Kule kungoja kuliuma kuliko kofi.

Zamu yangu ilifika nikiwa darasa la tano. Aliniuliza shavu kwa Kiingereza linaitwaje. Nyumbani tulisema Kinyiramba, Kiswahili chenyewe nilikuwa bado nakisotea. Nikasema sijui. Raheli, binti wa jirani yetu, akasema ni "cheek". Mwalimu alipotoa amri, Raheli akanigusa tu kwa huruma. Mwalimu akamwambia kama hawezi kupiga, atapigwa yeye. Kofi lake la pili likatua sikioni. Sikio la kushoto halijasikia kitu tangu siku ile. Nikawa sisikii maswali, kwa hiyo kila siku nikawa mtu wa kutoa shavu. Kabla mwaka haujaisha niliacha shule.

Nikajifunza useremala. Nilipokwenda Singida mjini kununua misumari niliona kamusi kuukuu ya Kiingereza, imepangwa chini pamoja na viatu vya mtumba. Nikainunua kwa ajili ya neno moja. Kila nilipolikuta nililipigia mstari kwa penseli ya kazi. Mfupa wa shavu ni "cheekbone". Asiye na adabu ni "cheeky", kwa maana Waingereza huuita ufidhuli shavu. Anayesema jambo huku anatania wanasema ameweka ulimi ndani ya shavu. Waliobanana kama magunia ya alizeti kwenye lori wanakaa "cheek by jowl". Hata makalio wanayaita mashavu. Na ulimi wa mbao, ule tunaouchonga uingie kwenye tundu la mguu wa kiti, pande zake mbili bapa nazo ni "cheek". Hilo nililisoma mara tatu. Miaka yote nilikuwa nachonga mashavu na sikujua.

Mwaka huu Mwalimu Fabiano alistaafu. Wanafunzi wake wa zamani wakaandaa sherehe ya kumuaga kwenye ukumbi wa kanisa, na Raheli akawa mwenyekiti wa kamati. Akaja karakana kuagiza kiti cha mninga cha zawadi. Nikakubali, kwa sharti kwamba nitakikabidhi mwenyewe na nitasema maneno mawili. Akasema sawa.

Siku ikafika. Nikaweka kiti mbele ya meza kuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Simeoni. Umenitengenezea kiti cha chifu."

"Kabla hujakikalia, nina swali la darasa la tano."

Watu wakacheka. Nikamwonyesha mguu wa kiti ulipoungana na ubao, nikamuuliza zile pande za ulimi zinaitwaje kwa Kiingereza. Akasema yeye alifundisha lugha, hakufundisha useremala. Watu wakacheka tena, safari hii upande wake. Nikasema sawa, tuje kwenye lugha: watu waliobanana wanasemwaje? Akafikiri. Nikamuuliza mtu fidhuli. Akasema "rude". Nikamwambia hilo silo ninalolitafuta, lipo jina moja linaloyabeba yote matatu.

"Sijui," akasema. Alilisema kwa sauti ya chini, kama tulivyolisema sisi.

"Ni shavu, mwalimu. Yote ni shavu. Sasa sheria ya darasa lako inasemaje?"

Nyuma yangu Raheli akasema, "Simeoni, yatosha. Keti."

Sikugeuka. Mzee akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa cha meza. Akainuka taratibu. Akageuza uso wake upande, akanitolea shavu. Lilikuwa limelegea, na alijikata kidogo aliponyoa asubuhi ile.

Mezani kulikuwa na sahani ya karanga. Nikachota za kujaa mkono. Nikala moja. Nikala nyingine. Hakuna aliyesogea. Niliona kope zake zikicheza, kila mkono wangu ulipokwenda mdomoni alifumba macho. Nikazila zote bila haraka, nikakung'uta maganda, nikatoka nje na kurudi karakana.

Nasikia alisimama vile hadi Raheli alipomshika mkono akamketisha. Jumapili mchungaji alinisifu mbele ya waumini kwamba ningeweza kupiga, nikasamehe.

Sikusamehe. Mwalimu Fabiano anajua. Tukikutana gulioni namwamkia vizuri, naye huitika huku ameugeuza uso upande uleule.

Sijasema "haya".