Kufuli la Tatu

Mistari arobaini na mmoja, na kila mmoja uliishia kwa neno lilelile: imekataliwa. Niliisoma orodha hiyo nikiwa nimesimama ofisini kwangu Bugembe, saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Mtu nisiyemjua, kutoka nchi nisiyoijua, alikuwa amejaribu kwa dakika sita kuchota nusu ya akiba ya wauza nafaka wa Mbale. Nilikiweka kikombe mezani. Nikaisoma tena.

Miezi mitano kabla, kikundi hicho cha wauza nafaka kiliniita niwajengee roboti: programu inayonunua na kuuza sarafu za mtandaoni yenyewe, kwa masharti iliyopewa. Walitaka mashine ya kusaga mahindi, yao wenyewe, isimikwe Busiu. Miaka minne walikuwa wakiweka akiba na bado haikutosha. Niliwaambia roboti haina akili wala bahati. Ina utii tu. Nikashauri waweke humo sehemu ya kumi ya akiba. Walipiga kura, wakaweka nusu.

Nusu nyingine ilikaa ndani ya sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo zilishikwa na watu watatu wasio na undugu, na sanduku lenyewe lililala kwa mtu wa nne. Nililitazama muda mrefu kuliko walivyotarajia. Kila nilichojenga baadaye kilitoka pale.

Roboti huingia kwenye akaunti kwa ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi. Nilipoutengeneza niliupa ruhusa mbili, kuona na kufanya biashara. Ruhusa ya kutoa pesa niliizima. Kisha nikaufungia kwenye kompyuta moja, yangu ya Bugembe. Ukitumiwa kwingine haufui dafu. Nikaweka kiwango cha hasara ambacho kikifikiwa roboti husimama. Wiki nane iliendeshwa kwa pesa za majaribio kabla ya kugusa shilingi ya kweli.

Bwana Wanyera, mwenye ghala kubwa kuliko wote, alichoka kusubiri.

"Mwalimu, roboti yako iko na woga kama mwenyewe. Fanya huo ufunguo ukubali kwa simu yangu na kutoa pesa, nitoe faida, nigawie watu. Shida iko wapi?"

"Sanduku lenu lina makufuli mangapi, bwana?"

"Ile ni bati. Hii ni kompyuta."

"Basi likae na moja. Mawili nitayanunua mimi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo aliniita afande, na si kwa heshima.

Nilichosahau kukihesabu ni daftari. Katika kikundi kile hakuna siri. Kila jambo huandikwa, ukurasa hupigwa picha na kutumwa kwa wanachama wote thelathini, ili aliyekuwa shambani asije kusema alifichwa. Siku niliyowaonyesha ufunguo, Hajati Rehemah, katibu wao, aliuandika herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Akaupiga picha. Akautuma. Baada ya muda simu ya mwanachama mmoja iliibiwa sokoni, picha ikiwa ndani yake, na ufunguo ukavuka mipaka.

Asubuhi ile ya orodha niliufuta ufunguo kwanza, nikawaarifu kwa simu, ndipo nikasafiri kwenda Mbale. Hajati alikuwa ameketi dukani kwake, daftari mapajani, Wanyera akiwa amesimama kando.

"Nimewamaliza watu," alisema Hajati. "Mashine imekwenda."

"Haijaenda, Hajati. Pesa zote zipo."

Nikampa orodha. Aliipitia kwa kidole, mstari baada ya mstari, hadi wa mwisho.

"Huyu amegonga mara arobaini na moja?"

"Ndiyo."

"Na hakufunguliwa."

"Alikuta makufuli mawili. La tatu lilipaswa kuwa siri, ufunguo usiingie daftarini, na kosa ni langu. Sikukuambia."

Wanyera aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili.

"Angepata ile ruhusa nilikuwa nataka mimi," alisema polepole, "tungelia." Hakuniita afande.

Mashine ilinunuliwa mwaka uliofuata. Ililetwa na akiba zaidi kuliko roboti, ambayo faida yake ilikuwa ndogo kama nilivyosema. Sifichi. Lakini fahari yangu haiko Busiu kwenye mashine.

Iko katika kiti kimoja cha ofisi yangu. Wiki moja baada ya jaribio lile Hajati alikuja Bugembe kutengeneza ufunguo mpya kwa mkono wake. Daftari aliliacha Mbale. Nilimpisha kitini, nikasimama mlangoni huku akiandika kwa kidole kimoja, bila haraka. Alipomaliza nikasogea.

"Nisomee, Hajati, nihakikishe hukukosea."

Aliifunika skrini kwa ncha ya mtandio wake.

"Hata wewe hapana, mwalimu."

Nikarudi mlangoni.