Zamu ya Maji, Kuanzia Kulia

Maji ya mji hufika kwenye jengo letu Jumanne, na Jumanne tu. Yanaingia kwenye tangi la chini, kisha pampu moja inayapandisha kwenye matangi ya paani, nyumba baada ya nyumba. Nyumba ni sita. Wa mwisho siku nyingine huambulia nusu tangi, kwa hiyo zamu huzunguka, na mwenye kuziandika ni mimi, kwa sababu nimestaafu na nina kompyuta.

Kompyuta niliachiwa na mwanangu Qusai alipohamia Kanada, mwaka wa nane sasa. Kabla ya kuondoka alikaa nami jioni nzima akaipanga ile programu ya majedwali: kila jedwali jipya lilifunguka likianzia kulia, kama tunavyoandika sisi kwa Kiarabu, kwa herufi nono ninazoziona bila miwani. Sikujua kuwa huo ni mpangilio. Nilidhani programu imezaliwa hivyo.

Mwezi wa pili mwaka huu kompyuta ikafa. Fundi aliifufua, ila alifuta kila kitu na kuweka programu upya. Jumatatu nikafungua jedwali, nikaandika majina sita katika mstari mmoja, nikachapa, nikabandika kwenye mlango wa jengo. Niliona kwamba safu sasa zinaanzia kushoto, lakini majina yalikuwa yale yale, nikaona si neno.

Kesho yake asubuhi ngazi zilijaa kelele. Watu walisoma kuanzia kulia, kama walivyosoma maisha yao yote, na zamu ikapinduka: wa mwisho akawa wa kwanza. Umm Hazar wa ghorofa ya kwanza, ambaye ndiye aliyestahili kuanza, alisimama na ndoo mbili tupu.

"Abu Qusai! Wiki iliyopita mimi wa mwisho, leo tena wa mwisho? Nimekukosea nini?"

"Wewe ndiye wa kwanza, Umm Hazar. Soma kuanzia kushoto."

"Kushoto? Tangu lini? Umegeuka Mzungu sisi tukiwa tumelala?"

Abu Shafiq, ambaye tangi lake lilikuwa limeshajaa kwa zamu isiyo yake, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwache mzee. Anajifunza Kiingereza."

Ijumaa nilimsimulia Qusai. Simu zake za Ijumaa ni fupi. Anauliza presha yangu, namuuliza baridi ya kwao, kisha kuna mtu anamwita. Mama yake ndiye aliyekuwa na maneno. Tangu afariki, mimi na mwanangu tunamaliza salamu tukabaki tunasikilizana pumzi. Lakini siku hiyo alicheka kweli, akasema, "Subiri, Baba, nivute kiti."

Alinielekeza dakika arobaini. Bonyeza hapa, nisomee kilichoandikwa, hapana, rudi. Nilimsikia akinywa chai. Nilisikia mlango wa friji yake. Hatukufaulu: jedwali lililokuwa wazi liligeuka vizuri, ila kila jipya lilirudi kushoto.

"Ijumaa ijayo tuendelee," akasema, na Ijumaa iliyofuata tukaendelea nusu saa nzima, bila mafanikio.

Nilikuwa mpanga barua wa posta ya mji wetu wa Irbid kwa miaka thelathini na mmoja. Barua isipofika, unaifuata njia yake kituo kwa kituo. Nikachukua daftari, nikaandika kila hatua na kilichotokea. Siku ya tano nikaelewa. Haitoshi kuligeuza jedwali. Lazima utengeneze tupu, jinsi unavyotaka yote yawe, ulihifadhi kama kiolezo kwa jina ambalo programu inalitafuta, ndani ya folda ambayo inaichungulia kila inapoamka. Mimi nilikuwa nakiweka kwenye folda ya jirani yake. Nikakihamisha. Nikafunga programu, nikafungua. Safu ya kwanza ilisimama kulia, herufi ukubwa wa kumi na sita.

"Naam!" nikasema kwa sauti. Hakukuwa na wa kuuliza naam ya nini.

Ilikuwa Jumatano. Nikashika simu nikamwandikia Qusai neno moja, "Nimeweza." Nikalitazama kabla ya kulituma. Kisha nikalifuta.

Alhamisi nilikipeleka kiolezo changu kwenye kapu la taka la kompyuta, nikafungua jedwali jipya kuhakikisha. Kushoto. Ijumaa baada ya swala nikaiweka kompyuta mezani, nikachemsha chai ya mramia, yale majani yanayonukia, na lile daftari nikalificha kwenye droo kama mwanafunzi anayeficha majibu.

Simu haikulia. Alasiri ukaja ujumbe wa sauti, sekunde kumi na tisa.

"Baba, nisamehe, wiki hii nimebanwa vibaya. Nimekutumia faili. Iweke pale pale tulipokuwa tunahangaika, basi, imekwisha, hutasumbuka tena. Nabusu mkono wako."

Niliusikiliza mara tatu. Sijui kama alichoka nami au kama kweli alibanwa. Ana watoto wawili na kazi isiyolala. Siwezi kumlaumu mtu kwa kunimalizia tatizo nililolirudisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikaiweka faili yake. Jedwali lilifunguka likianzia kulia, kwa herufi ndogo kuliko zangu, maana aliyezichagua ana macho ya miaka thelathini na tano. Na hakuliacha tupu. Alikwisha kuandika nyumba sita, ili nisirudie kila wiki, na alizikumbuka zote kwa mpangilio wa ngazi. Abu Shafiq. Umm Hazar. Familia ya mwalimu, ambao walihama mwaka juzi. Na nyumba ya nne, ambayo mimi huiandika Abu Qusai, yeye ameandika: Nyumbani.

Kiolezo changu kilikuwa bado kwenye kapu la taka. Kilikuwa bora kuliko chake. Nikakitazama kidogo, kisha nikalimwaga kapu.

Jumanne Umm Hazar alisimama mlangoni, pua karibu iguse karatasi.

"Limerudi kulia, Mungu akubariki. Lakini umewaandikia sisimizi? Na hii 'Nyumbani' ni nyumbani kwa nani? Sote tuna nyumbani."

"Ni pale kwangu," nikasema. "Ameandika Qusai."

Kona moja ya karatasi ilikuwa imebanduka. Akaibandika tena kwa kidole gumba.

"Basi iache," akasema. "Tutavaa miwani."

Kila wiki nazungusha zamu na kulibadilisha jina la mwalimu. Lile la Nyumbani siligusi. Zamu ya Nyumbani ilipofika Jumanne ile niliwasha pampu, nikapanda paani, nikakaa kando ya tangi kusikiliza maji yakiingia.