Mafundo Arobaini na Moja

Dobi hakuwa na subira na kitu kilichokunjamana. Kwa hiyo baba yake alipohamia kwake, baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia, na kuingia na begi moja la nguo na sanduku zima la tai kuukuu, alikunja uso. Tai arobaini na moja, kila moja bado ina fundo, kana kwamba mwenyewe ameivua sasa hivi kwa kuipitisha kichwani.

"Baba, hata kuzifungua?"

"Ziache zilivyo."

"Chumba chenyewe tunakigombania mimi, wewe na pasi."

Mzee akacheka, na binti akadhani yamekwisha.

Zilikotoka alikujua. Mtu akifa, ndugu hugawana mashati, viatu, hata mikanda. Tai haiombwi na mtu. Mzee ndiye aliyekuwa akiiomba, hata ya mdogo wake mwenyewe, akapewa haraka haraka, na watu wakambandika jina la Mrithi wa Shingo.

Jumatano moja mzee alikwenda kliniki kwa mazoezi ya mkono. Dobi akaona amfanyie wema. Akafungua mafundo yote, mengine kwa meno, maana hariri ilikuwa imekakamaa. Kisha akatandika kitambaa chenye unyevu na kupiga pasi ya moto mdogo. Alipomaliza ya thelathini na tatu, mlango ukafunguka.

Mzee alisimama palepale. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Umezifungua."

"Nimekunyooshea, baba. Ona zinavyong'aa."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Tai nitaipata popote. Lakini fundo lile mtu alilifunga mwenyewe, asubuhi, kwa mikono yake. La marehemu nitalipata wapi?"

Dobi akaizima pasi. Maisha yake yote fundo lilikuwa kitu cha kufunguliwa, liwe la uzi au la moyoni. La kutunzwa hakuwahi kulifikiria.

"Si wenyewe unawajua?" alisema, akachukua vile vikaratasi anavyobandika kwenye nguo za wateja. "Nitajie, niandike."

Mzee akapapasa tai ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Buluu, yenye mistari. "Hii ya mwalimu mkuu. Fundo nene..." Akasita. "Au ya fundi saa, lile jembamba." Akaiweka. Akachukua nyingine, nayo ya buluu, nayo ya mistari. Akaiweka pia. Aliwajua kwa mafundo yao, kama wengine wanavyojuana kwa sura.

Hapo ndipo dobi alipoelewa alichokifanya.

Zilibaki nane ambazo pasi haikuzigusa. Hariri iliyofungwa miaka haisahau upesi. Hilo kazi yake ilimfundisha. Akaivaa moja shingoni mwake, akaufuata mkunjo mmoja hadi mwingine, polepole.

"Zungusha tena," mzee alisema. "Sasa iache hapo. Huyo alikuwa na papara, hakuivuta mpaka juu siku hata moja."

Akaiacha ikining'inia ovyo. Mzee akaitazama, uso ukamkunjuka.

"Seremala. Andika."

Jua lilipozama zote nane zilikuwa zimerudi, ingawa mbili walizibishania sana. Ndipo dobi akauliza alilokuwa akilikwepa.

"Ya baba mdogo ni ipi?"

Mzee akazipitia zile nane, moja moja, bila haraka. Kisha akageukia meza ya pasi, zilipolala thelathini na tatu, zimenyooka.

"Imo humo."

"Ipi, baba?"

"Imo humo, mwanangu."

Dobi alitaka kusema pole, akaacha. Pole huambiwa aliyejikwaa, na hapa mkono uliomkwaza baba ulikuwa wake. Akazikusanya zote thelathini na tatu kwa mikono miwili, taratibu, jinsi asivyowahi kubeba nguo ya mteja yeyote, akamwekea baba yake mapajani.