Nyama Haiozi kwa Baragumu

Asubuhi friji la buchani lilipokufa, Baragumu alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya gogo la kukatia nyama, kavaa koti la sufi juu ya aproni, akichambua mafuta kwenye paja la ng'ombe alilolilaza miguuni. Friji lilikohoa, likatetemeka, likanyamaza. Mwenye bucha, kaka wa mkewe Baragumu, alilipiga teke, halafu akatoka kumtafuta fundi. Fundi alipatikana jioni. Alipofungua mlango wa friji, nyama ya ndani ilikuwa imeshaanza kutoa maji na harufu. Paja la miguuni kwa Baragumu lilikuwa gumu kama ubao, na juu ya mafuta yake palikuwa na barafu nyembamba nyeupe.

Shemeji aliligusa paja. Kisha akaugusa mkono wa Baragumu. Akamwambia fundi aende zake.

"Shemeji," alisema, "kuanzia kesho kigoda chako kitakaa chumba cha nyuma, pamoja na nyama."

Ikawa hivyo, wala hakuna aliyelifanya jambo kubwa. Friji walipewa wanunua vyuma chakavu, na mahali pake pakawekwa kalenda.

Mwaka uliotangulia Baragumu aliotwa na uvimbe shingoni. Ukaitwa kansa, naye akalazwa chini ya mashine ya mionzi mara kwa mara mpaka shingo ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kansa ikafa. Lakini mionzi haina macho, ilimpiga mwenye kosa ikampiga na jirani yake. Shingoni mwa mtu kuna tezi ndogo inayochochea moto wa mwili mzima, na hiyo nayo ikalala isiamke. Ndipo baridi ilipomwingia. Akanenepa bila kula, nyusi zikapukutika, usingizi ukamfuata hadi kwenye kiti cha kinyozi. Sauti yake, iliyompa jina la Baragumu kwa kuwa ilikuwa inaita wateja wa ng'ambo ya barabara, ikawa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Siku daktari alipoeleza habari ya tezi na kuandika vidonge vya kumeza maisha yote, mgonjwa mwenyewe alikuwa anakoroma kwenye benchi la nje. Shemeji ndiye aliyeingia, akasikiliza, akatoka na pakiti. Watu walipomwuliza kama Baragumu amepona, alijibu, "Amepoa." Walidhani ulimi umeteleza. Baada ya friji kufa walimwelewa, na wenye utani wakalifupisha jina: Baragumu akawa Barafu.

Bwana afya alikuja kukagua. Alichoma kipimajoto kwenye nyama, akakifuta, akakitia kwapani mwa Baragumu, akaandika namba zote mbili, akapiga muhuri. Kasoro aliyoiona ni moja tu, kwamba ukuta unataka chokaa. Muuza soda wa mlango wa pili akaleta kreti zake zilale pale. Dada wa duka la dawa akaleta boksi la sindano za wagonjwa wa sukari, maana zinataka ubaridi. Baragumu akawa anakaa katikati ya mali za watu kama bibi harusi katikati ya zawadi, haongei, anaangalia mikono ya kila anayeingia. Ni mazoea ya kazi. Mtu wa bucha hatazami mizani, anatazama mikono ya anayepima.

Na alikuwa na sababu ya kuangalia. Daktari alisema vidonge vitampasha joto taratibu, ila kila wiki ilimkuta na baridi zaidi ya ile iliyopita. Asubuhi ukope wake wa chini ulikuwa unashikamana na wa juu kwa barafu, mpaka aupulizie mkewe.

Nyumbani hakukuwa na la kulalamikia. Mkewe alimletea kidonge kwenye kisosi, na kando yake chai ya maziwa, nzito, yenye krimu juu. Zamani nyumba ile ilikunywa chai ya rangi, na maziwa yalionekana mtoto akiugua. Tangu friji life yalikuwapo kila siku. Baragumu aliyahesabu kuwa ni mapenzi. Hata kinyozi alimwambia kwamba mama watoto amerudi kuwa yule wa zamani.

Siku moja dada wa duka la dawa alikuja kubadilisha boksi, akamkuta anapiga miayo.

"Vidonge vyako unameza na nini?"

"Na chai ya maziwa."

"Basi unavitupa chooni. Hivyo ni kwa maji matupu, tumboni hamna kitu, chai baadaye sana. Hospitali hawakukwambieni?"

"Walimwambia shemeji."

Dada alitazama mlango kama mtu aliyeropoka bei ya jumla mbele ya mteja. Halafu akamwekea boksi jipya mapajani, akamwomba alikumbatie vizuri, nje jua kali.

Kesho yake Baragumu alikwenda na kidonge bafuni, akakimeza kwa maji ya bomba, na chai akaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu. Akafanya hivyo kila siku, bila kusema. Joto lilirudi kama mgeni asiye na hakika na nyumba: lilibisha vidoleni, likaondoka, likabisha masikioni, likaingia. Nyusi zikachipua. Mchana mmoja tone la jasho lilimtoka kwenye paji la uso, naye hakulifuta, aliliacha lishuke mpaka kidevuni apate kulihisi lote.

Nyama ilijua kabla ya watu. Ikaanza kulegea, nzi wakapata habari. Muuza soda alikuja kuondoa kreti zake, na salamu yake ilikuwa fupi kuliko ya jana. Hakuna aliyeuliza kitu. Shemeji aliinama akanusa paja, kisha akainama akainusa shingo ya Baragumu.

Asubuhi iliyofuata Baragumu alimkuta shemeji ameketi jikoni kwake, kiti chake kikiwa kimeuziba mlango wa bafuni. Mkewe alikuwa amesimama karibu na meko. Chai ilikuwa mezani.

"Kunywa, shemeji."

"Hospitali walikwambia nini kuhusu maziwa?"

Shemeji hakubabaika. "Kwamba yanaizuia dawa. Ndiyo maana yananunuliwa."

"Nilikuwa naumwa, shemeji."

"Bado unaumwa. Tofauti ni kwamba sasa ugonjwa wako una kazi."

Baragumu alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anakitazama kikombe.

"Baba watoto, bucha likifungwa utakwenda wapi? Nani atakuajiri, nawe unasinzia umesimama?"

"Nasinzia kwa sababu ya hiyo chai."

"Basi isiwepo," mkewe alisema, akaichukua, akaimwaga. Shemeji naye akasema sawa, isiwepo, akasogeza kiti chake, akaaga kwa adabu.

Walikubali upesi mno. Baragumu alikuwa amenunua ng'ombe maisha yake yote, na alijua kwamba muuzaji akiipokea bei yako ya kwanza, huyo ng'ombe mgonjwa.

Tangu siku hiyo aliletewa kidonge na bilauri ya maji. Akameza, akashukuru. Wiki haikupita, vidole vikaanza kuganda. Nyama ikakaza, nzi wakahama, kreti za soda zikarudi na salamu ikarefuka. Alipomwonyesha dada wa duka la dawa kidonge kimoja, dada alikitazama kutoka mlangoni, mikono nyuma, akasema ndicho chenyewe.

Kesho yake hakumeza. Alikiacha juu ya ulimi. Vidonge vya hospitali havikuwa na ladha yoyote, mtu angedhani anakula chaki. Hiki kilikuwa kitamu kama pipi.

"Ni kitamu," alimwambia mkewe.

"Wamebadilisha kiwanda."

"Nani kakwambia?"

Mkewe alimfunga koti kifungo kwa kifungo mpaka juu, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, akamnyoosha kola. Baragumu aliitazama mikono yake kama anavyotazama ya mtu anayepima nyama.

Nje jua lilikuwa limeshakaza. Watu waliokuwa wakienda kazini walivuka barabara kuja upande wake, wakatembea naye bega kwa bega kupata ubaridi, wakimwuliza hali. Aliwajibu mmoja mmoja kuwa ni nzuri, kidonge kikiwa bado hakijaisha mdomoni.